Unene: Usiiulize mizani pekee, iulize damu

Marehemu mjomba wangu alikuwa mtu wa kilo 118 na hapana aliyewahi kumdhania kuwa mgonjwa. Mtaani Umoja, Nairobi, alikoishi kwa zaidi ya miaka 20, alijulikana kuwa mtu mwenye mwili wake, na kila alipoingia katika mkutano wa harambee au sherehe ya mahari, vijana walikurupuka kumpisha kiti kilicho imara. Sisi wapwa zake tulikionea fahari kitambi kile. Tulikichukua kuwa cheti cha mtu ambaye mambo yake yamenyooka. Jumapili moja alipotoka kanisani aliketi kwenye kochi, akaomba maji ya kunywa, na mkewe aliporudi na bilauri alimkuta amekwisha kata roho. Alikuwa na umri wa miaka 51. Daktari alisema ni mshtuko wa moyo.

Jambo lililonikaa rohoni baada ya mazishi ni hili: katika maisha yake mjomba alitobolewa kidole mara nyingi kutafutwa malaria, na mara kadha alipimwa homa ya matumbo, lakini hakuna hata siku moja ambapo damu yake iliulizwa habari za moyo.

Makala haya, wapenzi wasomaji, yanahusu maswali hayo ambayo damu ya mjomba haikuulizwa. Nimeyajua si kwa kuyasoma vitabuni tu, bali kwa kumsindikiza dada yangu mkubwa ambaye ameurithi mwili wa upande huo wa kwa mama. Dada ana miaka 44. Kimo chake ni mita 1.62 na siku tulipoanza shughuli hii alikuwa na kilo 92. Ukizigawanya kilo hizo kwa kimo kilichozidishwa kwa chenyewe, yaani 92 kwa 2.62, unapata 35. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa anayefika 25 amezidi uzito unaofaa, na anayefika 30 ni mnene wa kupindukia. Hesabu yenyewe ilibuniwa katika karne ya 19 na Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa bingwa wa hesabu wala si daktari, na ambaye hakuwa akitafuta wagonjwa. Alichotaka ni kumjua mtu wa wastani. Ndiyo maana haiwezi kukwambia kama uzito ulio nao ni misuli au ni mafuta, wala mafuta hayo yamekaa wapi.

Dada si peke yake. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi. Miongoni mwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5. Hata hivyo wengi wetu bado tunashikilia kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ni wa Wazungu na Wahindi. Dhana hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones, waliokuwa wakifanya kazi Kampala, walichapisha katika jarida la Lancet utafiti uliolinganisha kolesteroli ya Waafrika na ya Wahindi nchini Uganda. Ya Waafrika watu wazima ilikuwa chini sana, na ugonjwa huo ulikuwa nadra miongoni mwao. Lakini wale walikuwa watu wa chakula cha shamba na wa kutembea kwa miguu. Mjomba alikuwa mtu wa nyama choma Ijumaa, chapati na soda siku zilizobaki, na gari hadi mlangoni.

Kabla ya sindano, daktari tuliyemwendea alitoa utepe kama ule wa fundi cherehani. Aliuzungusha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akamwambia dada apumue nje, akasoma sentimita 104. Tangu mwaka 1947 daktari mmoja wa Marseille, Ufaransa, aitwaye Jean Vague, alikuwa amekwisha kuona kuwa wanene hawalingani: wale ambao mafuta yao yamejaa tumboni ndio waliokuwa wakipata ugonjwa wa sukari na wa mishipa kuliko wale ambao yamekaa mapajani na makalioni. Mashirika ya kimataifa yalipokubaliana kuhusu vipimo mwaka 2009, mpaka wa hatari ukawekwa sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Kwa wanaume wenye asili ya Bara Hindi, ambao tunao wengi mijini kwetu, mpaka huo ni 90. Waafrika tulipewa vipimo vya Wazungu vitutoshe kwa muda hadi vyetu vipatikane. Sisemi zaidi juu ya hilo.

Baada ya hapo tulikwenda katika maabara moja ya mjini, asubuhi, dada akiwa hajatia kitu kinywani tangu usiku. Jioni alinipigia simu akicheka. "Mdogo wangu, nimepona! Kijana wa maabara ameniambia kolesteroli yangu ni 4.6 na niko sawa kabisa." Usiku huo chapati zilipikwa.

Ni kweli kwamba jumla ya kolesteroli iliyo chini ya milimoli 5.2 kwa lita moja ya damu huhesabiwa kuwa nzuri. Lakini tulipomrudishia daktari karatasi ile, hakuicheka. Alisema, "Mama, aliyekwambia uko sawa amesoma mstari wa kwanza tu. Hebu tusome na mingine." Mstari wa pili ulisema HDL 0.9. Hii ndiyo kolesteroli inayosombwa kutoka mwilini kurudishwa kwenye ini, na mwanamke anatarajiwa awe nayo 1.3 au zaidi; mwanamume 1.0 au zaidi. Kwa hiyo jumla ya dada ilionekana ndogo kwa sababu kilichopungua ni kile kizuri! Ukiambiwa kuwa katika ploti fulani wamelala watu 46, huwezi kulala usingizi mpaka ujue wangapi ni askari na wangapi ni wezi. Daktari alitoa 0.9 katika 4.6 akapata 3.7, akaiandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Hiyo ndiyo kolesteroli yote inayoweza kugandamana katika kuta za mishipa, na ndiyo anayotaka kuiona ikishuka.

Mfano wangu wa askari una kasoro, nami nakiri. Kama HDL ingekuwa askari kweli, ingetosha kuajiri wengine. Kampuni moja kubwa ya dawa ya Marekani ilijaribu hivyo hasa. Ilitengeneza dawa ya kuipandisha HDL, iitwayo torcetrapib, na HDL ikapanda vizuri. Mwaka 2006 majaribio yalisimamishwa ghafla kwa kuwa waliokuwa wakiimeza walikufa kwa wingi kuliko wasioimeza. HDL iliyo chini ni dalili kwamba kuna mambo yameharibika kwingine. Ukimlazimisha shahidi abadili ushahidi, wizi haujaondoka.

Mambo hayo huharibika tumboni. Mafuta yaliyozunguka matumbo hayakai kimya kama mafuta ya mapajani. Huyeyuka na kumwagika katika mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini likizidiwa hupakia mafuta hayo, yaitwayo triglisaridi, katika vibeba-mafuta vidogo na kuviachilia katika damu. Humo njiani mafuta hubadilishana na HDL, HDL hujaa mzigo usio wake, husinyaa na kuondolewa upesi. Zile LDL nazo, ambazo ndizo zinazoingia katika kuta za mishipa, huwa ndogo ndogo na nyingi. LDL ya dada ilisoma 3.0, ambayo ukiitazama haraka haitishi. Lakini LDL iandikwayo katika karatasi aghalabu haipimwi. Hupatikana kwa hesabu, na inachohesabu ni mzigo wala si magari.

Mkazi wa jiji atanielewa upesi. Abiria 98 wanaweza kubebwa na mabasi mawili au na matatu saba za abiria 14. Abiria ni wale wale, lakini msongamano katika barabara si ule ule. Kila kibeba-mafuta cha aina ya LDL na jamaa zake kina protini moja tu iitwayo apo B, mfano wa nambari ya gari, na kipimo cha apo B huhesabu magari yenyewe. Kwa mtu mwenye kitambi, kipimo hiki mara nyingi hufichua hatari ambayo LDL ya kawaida imeificha. Si kila maabara inacho, na pale kilipo bei yake si ya kila mfuko, kwa hiyo ile hesabu ya kalamu nyekundu ya daktari, jumla ukitoa HDL, ndiyo apo B ya maskini. Haihitaji senti ya ziada.

Triglisaridi ya dada ilikuwa 1.6. Mpaka ni 1.7. Hapa daktari alitusimulia jambo ambalo sikulitarajia, kwamba watu wenye asili ya Kiafrika huwa na triglisaridi ya chini kuliko Wazungu hata pale ambapo insulini yao imekwisha anza kushindwa kazi. Watafiti wa Marekani wameliona hili tena na tena. Hivyo Mwafrika mnene mwenye triglisaridi nzuri asishangilie mno, maana kipimo kilichotungwa kwa miili ya wengine kinaweza kumpita bila kumwona.

Kisha sukari. Asubuhi ile, akiwa hajala, dada alikuwa na 6.1, wakati mtu aliye salama huwa chini ya 5.6 na mgonjwa wa kisukari huwa 7.0 na kuendelea. Alikuwa katikati, penye giza. Daktari aliagiza kipimo kiitwacho HbA1c, ambacho hupima kiasi cha sukari iliyojibandika katika chembe nyekundu za damu. Kwa kuwa chembe hizo huishi kiasi cha miezi minne, kipimo hiki hukusimulia miezi miwili mitatu iliyopita. Mtu hawezi kukihadaa kwa kujinyima siku mbili kabla ya kwenda kwa daktari, kama baadhi yetu tunavyofanya. Asilimia 6.5 na zaidi ni ugonjwa, 5.7 hadi 6.4 ni mlango wa ugonjwa. Dada alikuwa 6.2.

Wasomaji wetu wa Nyanza, Magharibi na Pwani, ambako wengi wamerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja bila kuugua, wamwambie daktari habari hiyo, kwani inaweza kuifanya HbA1c isome chini kuliko ukweli. Na mama aliyepungukiwa na madini ya chuma anaweza kusomewa juu kuliko ukweli.

Kipimo cha mwisho kilituchosha. Kinaitwa CRP. Waliokigundua mwaka 1930, William Tillett na Thomas Francis wa taasisi ya Rockefeller huko New York, walikiona katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Ni protini inayotolewa na ini mwili unapowaka moto wa ndani. Baadaye ikajulikana kuwa mafuta ya tumboni nayo huwasha moto mdogo usiozimika, na moto huo huidhuru mishipa. Chini ya miligramu 1 kwa lita ni vizuri, na zaidi ya 3 ni hatari. Dada alipata 14! Aliketi akaanza kulia. Daktari alimuuliza, "Mama, wiki hii umekuwa na homa?" Naam, nyumba nzima ilikuwa na mafua. Tuliambiwa turudi baada ya wiki tatu, na safari hiyo ikawa 5. Kipimo hiki hakina thamani kwa mtu mwenye mafua, malaria au jino bovu, na atakayekuuzia bila kukuuliza hayo anakuuzia karatasi.

Nami niliyejifanya msindikizaji nilipimwa pia, kwa kuwa sindano ilikuwa karibu. Mimi ni mwembamba tangu utotoni na dada amezoea kuniambia, "Wewe huwezi kuelewa." Alama zangu zote zilikuwa nzuri isipokuwa moja, iitwayo lipoprotini (a), ambayo Kåre Berg wa Norway aliigundua mwaka 1963. Hii hurithiwa. Haijali chapati wala mbio, na kwa kawaida huwa juu zaidi kwa watu wenye asili ya Kiafrika. Yangu ni ya juu. Dada aliiangalia karatasi yangu kwa muda, halafu akanishika bega. Tangu siku hiyo hajaniambia tena kuwa sielewi.

Wapo wanene ambao damu yao haina kasoro yoyote, na hupenda kuwatajia wengine habari hiyo. Ni kweli wapo. Lakini watafiti waliowafuata watu kama hao kwa miaka mingi wameona kuwa wengi wao hubadilika kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo karatasi nzuri ya mwaka huu haifai kuwekwa katika fremu.

Dada hakupewa dawa. Daktari alimwambia kuwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake kungetosha kuisogeza damu, yaani kilo 5 hadi 9. Chapati zikawa za Jumapili. Sukari katika chai ilitoka vijiko vitatu ikawa nusu, mafuta ya kupikia yakaanza kupimwa kwa kijiko badala ya kumiminwa, na jioni akawa anashuka steji mbili kabla ya nyumbani na kutembea. Lililomsumbua halikuwa njaa. Ni maneno. Wanawake wa chama chake walimtazama na kunong'onezana: "Mbona anakonda? Bwanake anamtesa? Au ni ule ugonjwa?" Kwetu mtu akinenepa hupongezwa, akipungua huombewa. Mwezi wa nne aliacha kwenda chamani akisema ana kazi nyingi.

Mwezi wa saba alipanda mizani na ilisoma kilo 86. "Nimejinyima miezi saba kwa kilo sita? Hata nguo zangu hazijajua!" Alikuwa amekwisha amua kuacha. Nilimsihi tuiulize damu mara moja tu kabla hajarudi kwenye vijiko vitatu. HbA1c ilikuwa imeshuka kutoka 6.2 hadi 5.8. HDL ilipanda kutoka 0.9 hadi 1.1. CRP, safari hii bila mafua, ilikuwa 2.8. Kile kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu kilikuwa 3.2, na utepe wa kiuno ulisoma 97. Katika sentimita hizo saba na karatasi hiyo kulikuwa na habari ambayo mizani haikuweza kuitoa. Aliikunja mara nne akaiweka katika mkoba anaokwenda nao chamani.

Amebaki binamu yangu, mtoto wa marehemu. Ana miaka 29, ni dereva wa teksi, na kitambi cha babake kimeanza kuchomoza chini ya mshipi. Daktari alipoisikia habari ya mjomba aliniambia kuwa mshtuko wa moyo kwa baba kabla ya miaka 55 huhesabiwa dhidi ya watoto wake, kwa hiyo huyu ndiye angepaswa kupimwa wa kwanza katika ukoo mzima. Nimemwambia mara tatu. Mara ya kwanza alisema siku ya mtu ikifika imefika. Mara ya pili alisema maabara ni za wazee. Mara ya tatu nilimpelekea karatasi zote mbili za dada, ya kwanza na ya pili, akazisoma akiwa amekaa ndani ya gari na hakusema neno.

Ijumaa iliyopita, saa nne usiku, alinipigia simu kuuliza kama chai ya rangi isiyo na sukari huhesabiwa kuwa chakula. Nilimwambia anywe maji tu, na kwamba maabara hufunguliwa saa moja asubuhi.